Furushi la Theluji ya Kwanza

Mti wa kwanza ulipasuka kabla ya adhana ya alfajiri, na Rahti akajitupa sakafuni, mikono juu ya kichwa. Kijijini kwao mlio wa namna ile ulikuwa na maana moja tu. Mumewe, Khazir Wagay, hakulala chini. Alikaa juu ya godoro, blanketi mabegani, akasikiliza. Ukalia wa pili. Kisha ukaja mlio mrefu, wa kitu kinachochanika polepole, na mwisho wake kishindo kilichozimwa na theluji.

"Inuka, mama," akasema. "Si risasi. Ni mitofaa."

"Imefanya nini?"

"Inavunjika."

Akafungua dirisha. Theluji ilikuwa imefika magotini na bado ilishuka, ile nzito yenye maji ndani yake. Ilikuwa tarehe tatu Novemba. Khazir akatazama majani ya mitofaa yake, mabichi bado, kila jani limebeba fungu lake.

Theluji ya Januari ni mgeni mwenye adabu: hukuta matawi matupu, ikapita katikati yake hadi chini. Ya Novemba hukuta majani, ikakaa kitako. Na safari hii ilitanguliwa na mvua ya usiku iliyoganda pale pale ilipoangukia, kwa hiyo chini ya theluji kulikuwa na ganda la barafu limeshikana na gome. Miaka thelathini na mitano Khazir alikuwa akiishi kwa kupogoa miti, yake na ya watu, na hakukuwa na bustani kati ya hapo na mto ambayo msumeno wake haukuingia. Alijua alichokuwa akikitazama. Na kati ya miti hamsini na kitu iliyokuwa nyuma ya nyumba, roho yake ilikuwa juu kwa ajili ya mmoja tu.

"Ambri," akasema, akaanza kupapasa viatu.

Ambri ni tofaa la kizamani, la kwao wenyewe. Ukiliweka kabatini mwezi mzima, nguo zote hunukia. Lakini huchelewa kuzaa, na watu wa siku hizi hawana subira. Waliing'oa miti yake yote wakapanda mitofaa myekundu ya haraka. Kijiji kizima ulibaki huo mmoja, aliopanda baba yake Khazir akiwa kijana, karibu na mpaka wa shamba. Shina lake liligawanyika usawa wa kifua, panda mbili nene zilizobanana mno. Mzee alilijua hilo. Siku zake za mwisho, pumzi ikimkata, aliwaita wanawe wawili akawaambia: "Ile panda ina ufa ndani. Samad aitengenezee chuma, kipite katikati, kabla haijachelewa. Mkinizika mimi, msiuzike na mti."

Samad ndiye mdogo, fundi wa vyuma sokoni. Siku ya maziko Khazir alimwona amelikumbatia shina la Ambri kwa mikono miwili, shavu kwenye gome, mbele ya watu. Khazir, ambaye hakuweza kulia, akaona haya kwa niaba yake. Angalia anavyojitia, alisema moyoni.

Arobaini haikuisha wakagawana shamba kwa kura, na Ambri ukaangukia upande wa Khazir. Samad hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu: vitawi vichache vya kupandikiza upande wake, naye awe na mti wa baba. Khazir akamjibu, "Ulipewa ulichopewa." Maneno mawili, kama ungeyahesabu. Tangu hapo ukajengwa ukuta, na salamu zikakatika. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Basi watu wa kijiji kile walilima miaka sita.

*

Bustanini Rahti alikuwa ameanza kuchapa matawi ya juu kwa fito, kwa nguvu zake zote, vazi lake la sufu limelowa hadi kiunoni.

"Acha! Usichape!" Khazir akapiga kelele. "Kuna barafu chini, utalivunja mwenyewe! Anza chini. Ingiza fito chini ya tawi, uinue. Inua, sukuma. Ukianza juu, theluji yote inaangukia tawi la chini, na lenyewe limeshaelemewa."

"Ningejuaje? Mwaka wa thelathini huu nakuletea chai tu hapa, hujanifundisha hata kushika fito."

"Basi leo ndiyo shule."

Wakainua, wakasukuma. Kila mti waliousafisha ulikuwa umeshajaa tena wakiutazama nyuma. Milio haikuacha: mmoja kwao, mmoja kwa jirani, mwingine mbali karibu na mto, na baada ya kila mlio sauti ya mtu ikimwita Mungu. Mti wa saba ulimpasukia Rahti mbele ya uso, matofaa mekundu yakamwagika juu ya theluji. Akainama kuyaokota.

"Yaache!"

"Na huu je? Nusu yake ingali hai."

"Yaache, uache na mti. Njoo kwenye Ambri."

Alipoufikia, Khazir aliona jambo lililomfanya avue glavu ili aguse, asiamini macho peke yake. Katikati ya panda, gome lilikuwa limeachana. Kidole kiliingia. Akakitoa, kimelowa, maji ya theluji yalikuwa yakitiririka ndani ya ufa polepole.

Mti ukipasuka hivyo haujafa. Ndiyo kazi ya Khazir hiyo, ameiokoa miti mingi ya watu. Unaweka miti ya kuegemeza kila upande, unazungusha kamba juu ya panda, unaisokota kwa kijiti mpaka ufa ufumbe, halafu unatoboa kwa keekee kutoka upande hadi upande, unapitisha chuma, unakaza nati. Jeraha bichi likifumbwa siku hiyo hiyo hushikana. Lakini kamba ni ya kushikilia tu. Kinachoponya ni chuma. Na maji yakibaki ndani ya ufa mpaka jioni, yataganda, na barafu ikiganda hutanuka. Hapo hakuna kamba itakayoweza.

Wakaegemeza. Wakafunga. Kisha Khazir akakimbilia bandani, akamwaga kopo lake la vyuma juu ya sakafu, akapiga magoti kupekua. Vyote vilikuwa vya shubiri moja, vya miti ya makamo. Ambri ulitaka chuma kirefu kuliko mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Keekee ndefu nayo hakuwa nayo. Umeme umekatika, simu haina mtandao, barabara ya sokoni imezibwa na mipopla iliyolala. Akabaki amepiga magoti, akivirudisha kopini kimoja kimoja, kana kwamba kwa kuvipanga vingerefuka.

Rahti alikuwa amesimama mlangoni.

"Samad anavyo," akasema.

"Mimi sijui anacho nini."

"Ni fundi chuma, Baba Shaista. Atakosa chuma? Pita kwenye pengo la ukuta, dakika moja."

"Siendi."

"Mti unakufa."

"Nimesema siendi! Nikamwambie nini? Kwamba mti niliokunyima leo nimeshindwa kuutunza? Acheke, amwite na mkewe waje wacheke wote wawili?"

Rahti akaokota fito yake. "Wewe na ndugu yako," akasema, "mngekuwa watoto wangu ningewachapa nyote kwa fito moja." Akarudi kwenye miti.

*

Karibu na adhuhuri, Hajra, mke wa Samad, akatokea kwenye pengo la ukuta. Uso ulikuwa mwekundu kwa baridi, na mikononi alibeba furushi refu la kitambaa chekundu. Alikuwa akitabasamu, lile tabasamu la mtu ambaye hajui atapokewaje.

"Shemeji," akasema, "heri ya nausheen! Samad amekuletea."

Nausheen ni theluji mpya, ya kwanza ya mwaka, na kwao theluji ya kwanza ina mchezo wake. Mtu huifunga theluji kidogo ndani ya kitu, akamtumia mwenziwe kama zawadi. Ukiipokea mkononi, umekamatwa: karamu ya nyama ya kondoo ni juu yako. Ukishtuka usipokee, karamu ni juu yake. Basi siku hiyo hakuna anayeshika kitu bila kufikiri mara mbili, hata mkate kutoka kwa mama mkwe. Samad alikuwa shetani wa mchezo huo. Utotoni alimkamata Khazir mwaka hadi mwaka, kwa theluji ndani ya kiberiti, ndani ya soksi, mara moja ndani ya mkate uliotobolewa kwa ustadi. Na yeye mwenyewe hakuwahi kukamatwa hata siku moja.

Khazir akaliona furushi. Akaliona tabasamu. Nyuma yake tawi likaachia, kraa, na matofaa yakaanguka puu, puu, puu. 

"Leo?" akasema. "Leo ndiyo siku ya mchezo?"

"Shemeji, yeye amesema tu niseme…"

"Amesema! Miaka sita hana la kusema, leo mti wa baba yangu unapasuka, ndiyo amepata la kusema! Ameusikia mlio huko aliko, akafurahi, akakutuma?"

"Wallahi mimi sijui kilichomo, lakini ni…"

Khazir alikuwa ameshika fito. Akaipeleka kama mtu anayefukuza mbwa, ikalipiga furushi kwa chini, likaruka kutoka mikononi mwa Hajra, likaenda kutumbukia katika theluji nyuma ya Ambri. Halikutoa hata sauti. Theluji iliyokuwa ikishuka ikaanza kuziba shimo lake pale pale.

"Mwambie mumeo," Khazir akasema, na mate yalimruka, "nyama atakula kwenye matanga yangu."

Hajra alibaki ameinua mikono, mitupu. Machozi yakamtoka, lakini hakuyafuta. Akageuka, akapita kwenye pengo, akaenda zake.

"Umemwaibisha mke wa mtu," Rahti akasema.

"Kaza kamba."

"Hukumwacha hata amalize."

"Kaza kamba, Rahti! Mwenyezi Mungu akuhurumie, kaza kamba!"

Hasira hasara, kila mtu analijua hilo, na kila mtu hulikumbuka kesho yake.

*

Alasiri theluji ikakoma. Majirani wakashukuru kwa sauti. Khazir yeye aliinua macho, akaona mawingu yanafunguka na mbingu ya buluu safi nyuma yake, akahisi baridi mpya ikimgusa masikio. Mbingu safi maana yake jalidi, baridi ya kugandisha maji.

Alijaribu kila kitu. Alichomeka vitambaa ndani ya ufa kunyonya maji, akavikamua, akavichomeka tena. Alichukua kangri ya Rahti, kile kitungi cha makaa wanachokaa nacho chini ya nguo, akakishikilia kwenye ufa mpaka makaa yakafifia. Alipasua nguo ya kitanda akalizungushia shina. Alisokota kamba kwa kijiti mpaka viganja vikachubuka, na kila alipoisokota ufa ulifumba kidogo, na kila alipopumzika ulirudi. Rahti alikuwa chini, bega lake kwenye mti wa kuegemeza, akisoma dua kwa sauti ya chini isiyokatika. Ya kuomba msaada hakuyasema tena. Alishayasema.

Jua likaingia nyuma ya milima. Vitambaa vilivyokuwa ndani ya ufa vikawa vigumu.

Khazir akasikia tiki. Kisha nyingine. Zilitoka ndani kabisa ya mti. Alikuwa amezisikia katika miti ya watu, akawaambia kwa upole, ondokeni hapo chini, hakuna la kufanya tena. Sasa hakupata wa kumwambia yeye. Aliliweka paji la uso kwenye gome akasema, "Subiri. Subiri kidogo. Nakuomba, subiri."

Kisha akamkumbuka mkewe. Akamshika ukosi, akamvuta kwa nguvu zote wakaanguka wote wawili, na Ambri ukafunguka. Kamba ilikatika kama uzi. Shina lilipasuka kutoka panda mpaka mizizini, nusu moja ikaenda kulia, nusu nyingine kushoto, ikisukuma mbele yake theluji ya siku nzima. Katikati palibaki uwazi, na moyo mweupe wa mti ndani yake, wenye harufu ya tofaa.

Walikaa pale pale walipoanguka. Khazir alikuwa analia sasa, kwa sauti, mdomo wazi, kilio alichokiweka tangu siku ya maziko. Rahti alimshika kichwa. Halafu mkono wake ukasimama.

"Ile nini?"

Nusu iliyoanguka nyuma ilikuwa imekomba theluji hadi majanini, na pembeni yake palijitokeza pembe ya kitambaa chekundu. Rahti akaenda akalivuta furushi. Likamvuta yeye.

"Baba Shaista," akasema polepole. "Theluji gani hii yenye uzito?"

Akalifungua juu ya magoti yake. Ndani palikuwa na chuma kirefu, kinene kama dole gumba, kimekatwa nyuzi za nati ncha zote mbili. Nati mbili. Vibao viwili vya chuma vya kukinga gome, vimetobolewa. Na keekee ndefu ya kupigia tundu. Vyote vilikuwa vimepakwa mafuta ya haradali visishike kutu, na mafuta yenyewe yalikuwa yamekauka zamani, yamekuwa ya njano na magumu. Hayakuwa mafuta ya jana wala ya juzi.

Khazir alikichukua kile chuma. Akatambaa nacho hadi kwenye shina, akakiweka pale panda ilipokuwa, kutoka gome hadi gome. Kilienea, kikabaki vidole viwili kila upande, kwa ajili ya nati na kwa ajili ya mti kunenepa.

Alikuwa amepima. Lini? Akaona tena siku ya maziko, Samad amelikumbatia shina mbele ya watu, mikono imelizunguka, shavu kwenye gome. Kumbe alikuwa anapima. Au alikuwa analia na kupima kwa pamoja, na kaka yake mkubwa amesimama kando akimwonea haya.

"Alikitengeneza kabla hatujagombana," Khazir akasema. "Kimekaa pale miaka sita."



*

Kulikuwa bado na mwanga kidogo. Khazir alichomoa kisu chake, akaingia kati ya matawi yaliyolala, akaanza kukata vitawi vya mwaka ule, unene wa penseli, akivipukuta majani.  Vya kupandikiza hukatwa Januari, vikiwa vimekomaa na mti umelala usingizi. Hivi vilikuwa vibichi, vikikunjwa vinakunjika. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wa kijiji kutupa vitawi vya namna hii. Akakata kumi na viwili. Akavilaza kwenye kitambaa chekundu, akavijazia theluji pande zote visikauke, akafunga.

Alipopita kwenye pengo la ukuta, adhana ya magharibi ilikuwa inaisha. Upande wa Samad miti ilikuwa imelala vile vile, safu kwa safu. Samad mwenyewe alikuwa kizingitini anakung'uta viatu, ndevu zimeshika barafu, mtu aliyepigana siku nzima akashindwa. Alimwona kaka yake, akasimama wima. Hajra alikuwa nyuma yake na taa.

Samad ndiye aliyeanza.

"Kilitosha?"

Khazir akamtazama Hajra. Hajra aliinamisha macho. Hakuwa amemwambia mumewe kilichotokea. Alikuwa amesema shemeji kapokea.

"Kilitosha," Khazir akasema. "Kilitosha sawasawa. Umekipima vizuri, mdogo wangu."

"Alhamdulillahi." Samad akapumua, na uso wake ukafunguka. "Milio ilikuwa mingi, nikasema moyoni, basi wa baba walau… Alhamdulillahi."

Khazir akasogea kizingitini. Akanyoosha furushi.

Samad akaliangalia. Kitambaa chekundu, maji yakidondoka chini yake. Akarudisha mikono nyuma ya mgongo, akacheka, kicheko chake cha utoto.

"Ah, kaka! Mimi huyu? Kwa kitambaa changu mwenyewe? Umezeeka, hata kuficha hujui, inadondoka! Hunikamati."

"Pokea, Samad."

"Sipokei ng'o. Nyama ni juu yako."

"Ni theluji," Khazir akasema. "Sikufichi. Ni theluji, na ndani ya theluji kuna vile vitawi ulivyoniomba. Pokea. Hakuna vingine tena."

Kicheko kikaisha. Samad aligeuka akamtazama mkewe, naye Hajra akaitikia kwa kichwa, akilia. Samad akarudisha macho kwa kaka yake, kwenye viganja vyake vilivyochubuka.

"Vitashika?" akauliza.

Khazir, mpogoaji wa miaka thelathini na mitano, alijua jibu. "Havijakomaa," akasema. "Labda kimoja. Labda hata hicho hakuna."

Samad akatoa mikono yake nyuma ya mgongo, yote miwili, akalipokea furushi. Akalishika hivyo hivyo, mbali kidogo na kifua, maji yakimtiririka hadi kwenye viwiko.

"Umenikamata, kaka," akasema.